Nani anabana laini saa mbili usiku?

Swali linaloulizwa sana Lubumbashi, kuanzia Kampemba hadi Golf, ni fupi: nimelipia mega 20, mbona usiku nikipima napata 3? Asubuhi laini hiyohiyo ilifika 18. Ruta haijabadilika, waya haujakatika, nyumba ni ileile. Mmoja anasema kampuni inaiba. Mwingine anasema ni umeme wa SNEL, mwingine mvua, mwingine serikali. Kila jibu kati ya hayo limewahi kuwa kweli siku fulani, na ugumu wenyewe unaanzia hapo. Kasi unayoiona kwenye simu ni kasi ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote njiani, na njia ina sehemu nyingi. Baadhi zina mipaka ya maumbile: umbali, kelele, uzito wa hewa yenye watu wengi. Nyingine zina mipaka iliyowekwa na fundi aliyeketi mbele ya skrini na kuandika tarakimu.

Mimi nataka kuzungumzia hasa hiyo mipaka ya pili, kwa sababu ndiyo mteja haambiwi. Lakini haitambuliki bila kuijua ya kwanza.

Kabla ya yote, suala la vipimo. Mega 20 za laini ni megabiti kwa sekunde. Mega 500 za forfe, yaani kifurushi cha data, ni megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini ya mega 20 ikifanya kazi vizuri kabisa inashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, na programu ya kupakua ikionyesha 2.3 hakuna aliyekuibia: sehemu ndogo inaliwa na anwani ambazo kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, hubeba. Malalamiko mengi yanaishia hapa.

Waya, faiba na hewa

Maelezo mengi yanayosomwa mtandaoni kuhusu usimamizi wa kasi ya laini yanatoka nchi zenye DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa shaba wa simu ya mezani. Kwetu mtandao huo, uliokuwa wa OCPT, shirika la umma la posta na simu, ambalo leo ni SCPT, ulidhoofika mno hata DSL haikuwahi kuwa huduma ya raia wa kawaida. Hata hivyo mfano wake una funzo. Waya wa shaba hupoteza ishara kadiri unavyorefuka: ADSL2+, aina mojawapo ya DSL, hukaribia mega 24 katika nyumba iliyo jirani na kituo, na kwenye kilomita 5 zinabaki mega chache. Uingereza, kampuni ya simu ya BT iliweka programu inayoikagua kila laini usiku na mchana. Makosa yakizidi au laini ikikatikakatika, programu inaongeza nafasi ya usalama kati ya ishara na kelele, kutoka desibeli 6 hadi 9, kisha 12, na kasi inashuka. Juu ya hapo kulikuwa na kikomo cha pili ndani ya mtandao wenyewe, kilichowekwa chini kidogo ya kasi ya waya ili pakiti zisiufurike. Kikomo hicho kilishuka upesi laini ilipoyumba, lakini kilipanda kwa kusitasita, hata baada ya siku kadhaa. Mteja aliyezima na kuwasha modemu kila alipokasirika alikuwa anaiambia programu kwamba laini yake haitulii, na programu ilimbana zaidi.

Kwa hiyo hata kule, pamoja na waya mbovu, kulikuwa na uamuzi wa mashine ambao mwenye laini hakuuona.

Faiba haina shida hiyo ya umbali ndani ya mji, lakini ina shida ya kugawana. Teknolojia ya GPON, inayotumika sana kuunganisha nyumba kwa faiba, hupeleka gigabiti 2.488 kwa sekunde kuelekea nyumbani na 1.244 kurudi. Uzi mmoja unaotoka kituoni hugawanywa kwa kipande cha kioo, mara nyingi kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zikivuta zote kwa pamoja, kila moja inabaki na mega 38 hivi. Hiyo si mbaya hata kidogo. Mteja wa faiba anayelipia mega 20 akiona 3, asiulaumu uzi ulio mbele ya nyumba yake. Tatizo liko juu zaidi.

Hewa ndiyo yenye ukali. Wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa 4G, na hata ile ruta ndogo nyeupe ya nyumbani mara nyingi ni simu isiyo na skrini. Antena ya 4G yenye masafa ya upana wa megahezi 20 na antena mbili za kutuma na mbili za kupokea inaweza kufikia megabiti 150 kwa sekunde katika upande mmoja wa mnara. Tarakimu hiyo ni ya watu wote waliopo upande huo, si ya mtu mmoja. Tena si watu wote wanaotumia hewa kwa usawa. Simu iliyo karibu na mnara hupokea biti 6 katika kila ishara. Iliyo mbali, nyuma ya kuta mbili, hupokea biti 2. Ili kupata video ileile, simu ya mbali inashika muda wa hewa mara tatu, na muda huo unatoka kwa wengine wote. Jioni Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, watu wanaporudi kutoka mjini na kila mtu akafungua simu ndani ya nyumba, hewa hiyo inajaa bila mtu yeyote kuamuru. Umeme ukikatika nao unaongeza lake: mnara uliohamia kwenye betri unaweza kupangwa uzime baadhi ya masafa ili betri idumu, na simu zote zinahamia kwenye yale yaliyobaki.

Ndoo ya vibali

Sasa tuingie ndani ya kifaa kinachobana. Kampuni haiwezi kuuambia mwanga wa faiba uende taratibu. Inachoweza kuamua ni pakiti ipi ipite sasa, ipi ingoje, ipi itupwe. Njia inayotumika karibu kila mahali ni ya ndoo ambamo vibali hudondoka kwa mwendo usiobadilika. Umelipia mega 5? Ndoo yako inapokea vibali 625,000 kila sekunde, kibali kimoja kwa baiti moja. Pakiti ya kawaida ina baiti 1,500 hivi. Ikifika na kukuta vibali 1,500 ndooni, inavichukua na kupita papo hapo. Ikikuta ndoo tupu, haipiti. Ukipiga hesabu, laini ya mega 5 inaruhusu pakiti 416 hivi kwa sekunde, na hakuna ujanja wa ruta, wa kebo au wa kuhamisha kifaa dirishani utakaoleta ya 417.

Ukubwa wa ndoo nao ni uamuzi. Ukiwa hutumii laini, vibali hujikusanya hadi ndoo ijae. Ukifungua ukurasa, pakiti za kwanza zinakuta ndoo imejaa na ukurasa unatokea upesi. Ukianza kupakua faili kubwa, sekunde za mwanzo zinakwenda kwa kasi inayokufurahisha, kisha ndoo inakauka na unabaki na mwendo wa vibali vinavyodondoka. Kampuni inayoweka ndoo kubwa inampa mteja hisia ya laini nyepesi bila kumwongezea kasi, na mimi naona hilo ni jambo jema, ilimradi lisitumike kupamba kipimo. Kipimo cha sekunde chache kinaweza kuonyesha ndoo iliyojaa badala ya kuonyesha laini.

Sasa, pakiti iliyokosa vibali inafanywaje? Hapa kampuni hutofautiana sana, na tofauti hiyo mteja anaihisi kila siku bila kujua chanzo chake. Kifaa cha kwanza huitupa pale pale. Kifaa cha pili huiweka kwenye foleni mpaka vibali vidondoke. Kutupa ni rahisi: hakuhitaji kumbukumbu na kunafanyika hata kwenye vifaa vya zamani. Lakini madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu ya jinsi kompyuta zinavyotumiana data.

Kompyuta inayokutumia faili haijui ndoo yako. Inajua kitu kimoja: pakiti zilizojibiwa na zisizojibiwa. Kanuni inayoiongoza ilizaliwa katika dharura. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, majengo yasiyotengana hata mita 400, kasi ya mtandao ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta iliyokosa jibu ilituma upya, ikazidisha msongamano uliosababisha ikose jibu. Mtafiti Van Jacobson alichapisha dawa yake mwaka 1988: pakiti ikipotea, mtumaji apunguze mwendo kwa kiasi kikubwa, kisha auongeze kidogo kidogo huku akisikiliza majibu. Intaneti imesimama juu ya adabu hiyo hadi leo, ingawa kanuni zimeboreshwa mara nyingi.

Adabu hiyo inawaumiza walio mbali. Mwaka 1997 mtafiti Matthew Mathis na wenzake walionyesha kwamba, kwa kanuni za aina hiyo, kasi hushuka kadiri muda wa kwenda na kurudi unavyorefuka na kadiri pakiti zinavyopotea. Chukua pakiti 1 iliyopotea katika kila 100. Seva ikiwa karibu, kwenda na kurudi milisekunde 20, muunganisho mmoja bado unafikia mega 7 hivi. Seva ikiwa mbali, milisekunde 200, muunganisho huohuo na upotevu uleule unashuka hadi mega 0.7. Kifaa kinachotupa pakiti ovyo Lubumbashi hakimpi mteja mega 5 alizolipia akipakua kutoka Ulaya. Kinampa sehemu tu, na mteja akipima kwa seva iliyo jirani ataona kana kwamba kila kitu ni sawa. Kanuni mpya, kama BBR ya Google iliyotolewa mwaka 2016, zinavumilia upotevu zaidi, lakini si seva zote zinazozitumia.

Foleni je? Ni afadhali, ikiwa fupi. Ikiwa ndefu inaleta ugonjwa wake. Laini ya mega 2 yenye foleni ya megabaiti 1 ikijaa, pakiti inayofika mwisho inangoja sekunde 4. Kasi kwenye kipimo inaonekana kamili, lakini simu ya WhatsApp haiwezekani, maneno yanagongana, na kila mtu nyumbani anadhani rezo, yaani mtandao, imekufa kwa kuwa mtoto mmoja anapakia video. Dawa ipo: mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya kuangalia muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni badala ya urefu wa foleni, na mbinu hiyo iko bure katika Linux. Ukiwa na ruta inayoiruhusu, weka kikomo chako mwenyewe chini kidogo ya kile cha kampuni, tuseme mega 1.8 kwenye laini ya mega 2. Foleni inahamia kwako, na inabaki fupi. Unapoteza sehemu ndogo ya kasi na kupata nyumba ambamo watu wanaweza kusikilizana.

Kwa nini saa mbili usiku

Hakuna kampuni inayonunua kasi yote inayoiuza. Si Kongo, si Ulaya. Miaka ya mwanzo ya ADSL, BT ilitangaza wazi kwamba laini za nyumbani zinagawana kwa uwiano wa 50 kwa 1 na za biashara 20 kwa 1. Piga hesabu ya mtaa: wateja 100 wa mega 20 ni mega 2,000. Kwa uwiano wa 20 kwa 1, kampuni inanunua mega 100. Mchana watu wanasoma ujumbe, wanafungua kurasa, wanaacha. Mega 100 zinatosha na zinabaki. Saa mbili usiku wateja 30 wanafungua video ya kiwango cha juu, kila moja ikihitaji mega 5. Hizo ni 150. Hapo hakuna aliyebana laini ya mtu yeyote, lakini wote wanabanwa.

Kuna sababu ya pili, ya pesa, ambayo ni nadra kuelezwa. Kampuni inayonunua intaneti ya kimataifa kwa jumla mara nyingi hailipi kwa jumla ya data. Muuzaji hupima matumizi kila dakika 5 mwezi mzima, anayapanga kutoka juu hadi chini, anafuta asilimia 5 za juu kabisa, na kudai malipo kwa kipimo cha kwanza kilichobaki. Asilimia 5 ya mwezi wa siku 30 ni saa 36. Msongamano wa jioni, ukichukua saa 4 kila siku, ni saa 120. Maana yake jioni ndiyo inayopanga bei ya mwezi mzima, na usiku wa manane haugharimu kitu cha ziada. Ndiyo maana forfe za usiku huwa rahisi, na ndiyo maana kampuni yenye mtaji mdogo inashawishika kukaza vibali kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Kugawana si dhambi. Bila kugawana, laini ya nyumbani ingekuwa na bei ya laini ya benki, na wengi wetu tusingeipata kabisa. Ninachokikataa ni kuuza kwa neno moja dogo, «hadi», bila kutaja uwiano wala kasi ya jioni. Uingereza walilishughulikia neno hilo: tangu Mei 2018 kasi inayotangazwa lazima iwe inapatikana kwa angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Kabla ya hapo ilitosha mteja 1 katika kila 10 aifikie. Mabadiliko hayo hayakuhitaji waya mpya hata mmoja.

Forfe isiyo na kikomo ina kikomo

Kwenye mtandao wa simu, kila SIM kadi ina rekodi katika hifadhidata ya kampuni, na ndani ya rekodi mna kasi ya juu kabisa ambayo SIM hiyo inaruhusiwa. Seva nyingine inahesabu megabaiti zako. Ukifika kiwango kilichoandikwa katika masharti, inatuma amri kwenye lango la mtandao na ndoo yako inabadilishwa ndani ya sekunde chache, mara nyingi kuwa ya kilobiti mia chache kwa sekunde. Kwa kilobiti 128, ukurasa wa megabaiti 2 unachukua zaidi ya dakika 2 kufunguka. Muunganisho upo, alama ya 4G iko palepale juu ya skrini, na simu haifai kwa lolote ila ujumbe wa maandishi.

Katika moto mkubwa wa msitu wa California mwaka 2018, kikosi cha zimamoto cha wilaya ya Santa Clara kilikuwa na forfe ya kampuni ya simu ya Verizon iliyoitwa isiyo na kikomo. Kiwango kilipofikiwa, kasi ya gari lao la mawasiliano ilishushwa hadi sehemu 1 ya 200 ya ile ya awali, wakiwa kazini. Hakuna aliyefanya hila; seva ilifuata tarakimu. Kikomo kinachofanya kazi chenyewe hakijui nani ana haraka ya kweli, na kwa sababu hiyo tarakimu zake zinapaswa kuandikwa mahali mnunuzi anapoziona kabla ya kutoa franka.

Kubana kwa kuchagua

Mpaka hapa ndoo haikujali pakiti imebeba nini. Lakini vifaa vinavyotazama ndani ya pakiti, au vinavyosoma jina la tovuti unayoiendea, vinaweza kuipa kila huduma ndoo yake. Novemba 2015 T-Mobile ya Marekani ilianza kushusha video hadi mega 1.5, kwa kubadilishana na kutozihesabu kwenye forfe. Mwaka 2007 Comcast, kampuni nyingine ya intaneti ya Marekani, ilifanya kitu kibaya zaidi: ilituma pakiti za uongo za kukata muunganisho kwa watu waliotumia BitTorrent, njia ya kupeana mafaili makubwa, na ilikanusha mpaka waandishi wa Associated Press walipopima wenyewe na kuchapisha.

Sisi Kongo tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Agosti 2017 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliagiza makampuni yapunguze kabisa uwezo wa kupitisha picha kwenye mitandao ya kijamii. Maandishi yalipita, picha zilikwama. Kisha tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kabisa kwa karibu wiki 3. Ufundi wa kwanza ni uleule wa ndoo. Kifaa kilichonunuliwa ili kupanga msongamano wa jioni kinaweza, kwa mistari michache ya maagizo, kuamua raia aone nini. Anayesema usimamizi wa kasi ni suala la mafundi peke yao hajaifikiria miaka hiyo.

Kutoka Kasumbalesa hadi baharini

Sehemu ya mwisho ya njia iko mbali na kampuni yako. Kongo ina mlango mdogo wa bahari, na kebo ya chini ya bahari ya WACS inatua Muanda, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Lubumbashi hata ukipita angani. Lubumbashi kwa hiyo inategemea sana faiba inayovuka Kasumbalesa kuingia Zambia, kisha kushuka hadi Afrika Kusini au kwenda pwani ya mashariki. Data inayoshuka kusini na kupanda WACS hadi Ulaya inasafiri karibu kilomita 17,000. Mwanga ndani ya faiba huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 170 kabla ruta yoyote haijachelewesha chochote. Ukikumbuka hesabu ya Mathis, utaona kwa nini pakiti chache zilizotupwa zinatuumiza sisi kuliko mkazi wa London.

Kebo zenyewe hukatika. Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari katika korongo la mto Kongo yalikata WACS na SAT-3 kwa pamoja. Machi 2024 kebo kadhaa zilikatika kwa pamoja karibu na Abidjan. Siku kama hizo kampuni yenye njia ya pili inabana kila mteja kidogo, na isiyo nayo inanyamaza.

Dawa mojawapo ni kutosafirisha kisichohitaji kusafiri. Google, Meta na Netflix huweka seva za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma, na Lubumbashi ina LUBIX, kituo cha kubadilishana data kilichoanzishwa mwaka 2019, ambapo makampuni yanaweza kupeana data za mji humuhumu bila kuzipeleka nje na kuzirudisha. Satelaiti nazo zimeingia: ARPTC ilipiga marufuku Starlink Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Zinaruka Kasumbalesa na Muanda zote mbili, lakini watumiaji wa eneo moja bado wanagawana uwezo wa satelaiti iliyo juu yao, na mtaa ukinunua sahani nyingi, jioni inarudi.

Kujua ni kipi kati ya hivyo

Kila kikomo kinaacha alama yake. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo ili waifai isikupotoshe, na pima saa kumi na moja alfajiri, saa sita mchana, na saa mbili usiku. Tarakimu ikiwa ileile daima na imenyooka, tuseme 4.8 nyakati zote tatu, hiyo ni ndoo: umewekewa kikomo, na ulinganishe na ulicholipia. Ikipanda na kushuka kwa saa, ni kugawana. Ikipanda na kushuka unapohamisha ruta chumba, ni hewa. Ikianza juu na kuanguka baada ya sekunde kumi au ishirini, ni ukubwa wa ndoo. Ikianguka tarehe fulani ya mwezi na kurudi siku ya malipo, ni kiwango cha forfe.

Kisha badilisha seva. Programu nyingi za kupima huchagua seva iliyo karibu, pengine ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, na hapo unapima nusu ya njia. Chagua moja ya Johannesburg na moja ya Ulaya. Ya karibu ikitoa kasi nzuri na ya mbali kasi ndogo mno, angalia upotevu wa pakiti na njia ya kimataifa. Tovuti ya fast.com, iliyofunguliwa na Netflix mwaka 2016, hupakua kutoka seva za video za Netflix. Ikitoa tarakimu ndogo sana huku vipimo vingine vikiwa juu, video imewekewa ndoo yake. Washa VPN, programu inayoificha kampuni isione unafungua nini, na upime tena. Kitu kikiwa na kasi zaidi ndani ya VPN kuliko nje, mtu anachagua pakiti. Na piga ping, kipimo cha muda wa kwenda na kurudi, huku ukipakua faili kubwa: milisekunde zikitoka 180 hadi 2,000, foleni ni ndefu.

Ukienda kwa kampuni na karatasi yenye saa, seva na tarakimu hizo, mazungumzo yanabadilika. Hutaambiwa tena uzime na kuwasha modemu. Uliza mambo manne: kasi ya chini inayohakikishwa saa za jioni, uwiano wa kugawana, kiwango cha data ambacho baada yake kasi inashuka, na inashuka hadi ngapi. Jibu liandikwe. Wakikataa, mdhibiti ni ARPTC, chini ya sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020, na malalamiko ya mtaa mzima wenye vipimo vya wiki mbili yana uzito kuliko ya mtu mmoja mwenye hasira. Majirani wanaogawana mnara au uzi mmoja wapime kwa saa ileile, kwa seva ileile, na waandike pia siku ambazo umeme ulikatika, ili fundi asipate pa kuanzia kujitetea.